Kikundi chetu cha akina mama kinadai mtaa usio na sumu ya betri: tuanzie wapi?

Katibu wa Chama (Kilifi)

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama katika kaunti ya Kilifi. Tulianza kama chama cha kuweka na kukopeshana, baadaye tukaongeza ufugaji wa kuku wa kienyeji, na sasa tumejikuta katika shughuli ambayo haimo katika katiba yetu wala hatukuipangia. Nyuma ya mtaa wetu kuna yadi ya vyuma chakavu ambayo tangu mwaka jana imekuwa ikinunua betri kuukuu za magari na pikipiki. Mchana betri hupasuliwa kwa shoka, na maji yake ya asidi humwagwa katika mtaro wa wazi unaopita kando ya shule ya chekechea. Usiku vibamba vya ndani huyeyushwa katika pipa lililokatwa nusu, na asubuhi tunakuta vumbi la kijivu limetanda juu ya mabati ambayo ndiyo tunayokingia maji ya mvua.

Kuku waliokuwa wakidonoa kando ya mtaro ule wamekufa, si mmoja wala wawili. Kuna watoto ambao maumivu ya tumbo hayawaachi, na kila wakipelekwa zahanati wanapewa dawa ya minyoo. Sisemi kwamba chanzo ni betri, kwa sababu hakuna kilichopimwa. Tulikwenda kwa mzee wa mtaa, akatupeleka kwa chifu, na chifu akatuambia turudi tukiwa na ushahidi. Tangu siku hiyo kikundi kimegawanyika: wapo wanaotaka tuandamane hadi langoni mwa yadi, na wapo walionyamaza kwa sababu waume au vijana wao wanalipwa ujira wa siku palepale.

Sote tumesikia habari za akina mama wa Owino Uhuru kule Mombasa. Ombi langu ni kwamba anayeifahamu habari ile kwa undani atueleze walifanyaje hasa, na ni lipi kati ya waliyoyafanya linawezekana kwa kikundi kisicho na wakili, kisicho na mfadhili, na ambacho akiba yake yote ni michango ya wanachama.

---

Jirani wa Mikindani

Dada katibu, nimeishi upande wa Mikindani kwa miaka mingi na habari ya Owino Uhuru nimeifuatilia tangu wakati ambapo magazeti hayakuwa yakiipa uzito wowote, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo.

Kiwanda kile cha kuyeyusha betri kilikuwa bega kwa bega na makazi ya watu wapatao 3,000. Phyllis Omido, mama aliyekuja kuongoza harakati zile, hakuingia katika jambo hili kama mwanaharakati. Mwaka 2009 aliajiriwa na kiwanda hichohicho kushughulikia mahusiano na jamii, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini ilipoonyesha kwamba kiwanda hakifai kuwa mahali pale, alishauri kihamishwe; ushauri wake ukapuuzwa na yeye akaondolewa katika shughuli hiyo. Muda si mrefu mwanawe mchanga akaugua. Alitibiwa magonjwa yaliyozoeleka, hali isibadilike, hadi damu yake ilipopimwa madini ya risasi, yale yaliyomo ndani ya betri, ndipo ugonjwa ukajulikana. Alipoacha kazi hakuanza na mabango. Aliwatafuta watoto wengine wa mtaani na kuhakikisha kwamba nao wanapimwa, na matokeo yao yalipofanana na ya mwanawe, lililokuwa tatizo la nyumba moja likawa hoja ya mtaa mzima.

Barua, ziara za ofisini na maandamano vilifuata baadaye, na havikuwa bila gharama. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa kuhusika na maandamano, mahakama ikamwachilia, na katika kipindi hicho aliwahi kuvamiwa na watu wenye silaha karibu na nyumbani kwake. Shirika aliloliasisi, CJGEA, liliendelea kubisha hodi katika ofisi za serikali, katika Seneti na kwa watetezi wa haki wa kimataifa. Januari 2014 kiwanda kikafungwa, na mwaka 2015 yeye akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Sasa tazameni tarehe, kwa maana wengi wanaosimulia habari hii huzichanganya. Kesi iliyotikisa nchi ilifunguliwa mwaka 2016, kiwanda kikiwa kimekwisha kufungwa miaka miwili. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, na ikatoa muda wa miezi minne wa kusafisha udongo na maji, la sivyo zitolewe Sh700 milioni za kufanyia kazi hiyo. NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ilikata rufaa, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia na kuagiza ikadiriwe upya. Ilibidi wakazi waende hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliirejesha ile Sh1.3 bilioni. Hata baada ya hapo, mwaka 2025 wakazi walikuwa bado wanadai walipwe.

Kwa hiyo si hukumu iliyozima tanuri. Tanuri lilizimwa na ushahidi wa damu ya watoto uliopelekwa kila mahali na watu waliokataa kunyamaza, na mahakama ikaja kushughulikia madhara yaliyobaki. Nalisisitiza hili kwa sababu kikundi chenu kina madai manne ambayo katika barua yako yamekaa pamoja kana kwamba ni moja: kukomesha chanzo, kuwapima na kuwatibu watoto, kusafisha udongo, na kulipwa fidia. Kila dai lina ofisi yake, ushahidi wake na muda wake. Mkiyapeleka yote kwa chifu katika karatasi moja, atachagua kulijibu lile lisilomgharimu kitu. Maoni yangu ni kwamba mshike mawili ya kwanza kwa mikono yote miwili, na hayo mengine muyawekee kumbukumbu tu kwa sasa.

---

Muuguzi Mstaafu

Mama katibu, pole kwa hayo mnayoyapitia. Nimefanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya pwani hadi nilipostaafu, na ningependa kwanza niwatetee kidogo wenzangu wanaotoa dawa ya minyoo. Sumu ya risasi haina sura yake mwenyewe. Mtoto huumwa tumbo, hufunga choo, hukosa hamu ya kula, hupungukiwa damu, huwa mkali bila sababu au hupoa kupita kiasi, na darasani huanza kubaki nyuma. Katika hali mbaya sana hupata degedege. Hakuna dalili hata moja kati ya hizo ambayo mhudumu wa zahanati haioni kila siku kwa sababu nyinginezo. Kwa hiyo mkienda tena, msiseme tu kwamba mtoto anaumwa tumbo. Semeni kwamba anaishi na kucheza mahali ambapo betri zinapasuliwa na kuyeyushwa, na muombe jambo hilo liandikwe katika kitabu chake cha kliniki. Maandishi ya mhudumu, yenye tarehe na muhuri, yatakuwa na thamani kubwa kuliko ushuhuda wowote mtakaoutoa baadaye kwa mdomo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na mwongozo wake wa mwaka 2021 unaagiza kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile kilichoingia tumboni, na akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi. Madini hayo hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, na mwanamke anapopata ujauzito hutoka mifupani na kurudi katika damu, yakamfikia mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hiyo, wanawake wajawazito wa kikundi chenu wasiachwe nje ya orodha ya wanaopaswa kupimwa, ingawa kila mtu huwaza watoto tu.

Kuhusu kipimo, damu itolewe kwenye mshipa. Ile ya kuchomwa kidoleni hufaa kwa uchunguzi wa awali, lakini vumbi likiwa kwenye ngozi matokeo hupanda kwa uongo, na mpinzani wenu atalitumia hilo kuukataa ushahidi wote. Majibu yakirudi, msikubali mtu yeyote awauzie dawa ya kusafisha damu, iwe ya kizungu au ya mitishamba. Tiba ya kuiondoa risasi mwilini ipo, lakini hutolewa hospitalini kwa walio na viwango vya juu sana, kwa kawaida kuanzia mikrogramu 45, na haina maana kama mtoto anarudi kulala chini ya mabati yaleyale.

Yapo ambayo mnaweza kuyaanza leo bila kusubiri barua ya mtu. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye mabati hayo yasinywewe wala kupikiwa, na mtu asidhani kwamba kuyachemsha kunasaidia, kwa kuwa risasi haichemki ikatoka. Maji hupungua na sumu hubaki. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa kavu. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na kucha zikatwe. Wanaume wanaofanya kazi yadini wabadilishe nguo kabla ya kuingia nyumbani, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Nimeona nyumba ambayo baba aliingia na vumbi lake hadi kitandani akiwa amembeba mtoto. Dagaa, maharage, mchicha na maziwa, kwa kadiri mfuko unavyoruhusu, hupunguza kiasi ambacho mwili hukifyonza.

Mwisho, daftari. Mchagueni mama mmoja mwenye mwandiko unaosomeka. Kila moto unapowashwa aandike tarehe, saa, upepo ulikoelekea na nyumba zilizofikiwa na moshi. Kila mtoto anayeugua aandikwe umri wake, umbali wa nyumba yao na yadi, alichoambiwa zahanati. Kuku nao waandikwe. Udongo mkiupima, chukueni ule wa juu kabisa, pale mtaroni, pale watoto wanapochezea, na pia sehemu ya mbali ambako moshi haufiki. Utafiti uliofanyiwa watoto wa Owino Uhuru ulikuwa na nguvu kwa sababu uliwalinganisha na watoto wa Bangladesh, mtaa mwingine wa hali ileile ya maisha, na wastani wa risasi katika damu ya wale wa Owino Uhuru ukaonekana kuwa karibu mara mbili. Bila mahali pa kulinganisha, mtaambiwa kwamba udongo wote wa pwani ndivyo ulivyo.

---

Wakili wa Mashinani

Nimewasoma wote wawili na nakubaliana nao, ila nataka kuongeza upande wa sheria, kwa sababu maneno "hatuna wakili" yamewafanya wengi waamini kwamba hawana haki.

Mwaka 1989 Wangari Maathai, ambaye tangu 1977 alikuwa amewakusanya wanawake wa vijijini kupanda miti kupitia Green Belt Movement, alikwenda mahakamani kupinga jengo refu la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Mahakama ilimfukuza kwa hoja kwamba hakuwa na maslahi ya kibinafsi yaliyoguswa, na kwa hivyo hakuwa na haki ya kushtaki. Jengo lilishindikana baadaye kwa sababu ya kelele za umma na wafadhili kujiondoa. Katiba ya mwaka 2010 iliufunga mjadala huo. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinasema kwamba anayekwenda mahakamani kuidai haki hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kwa maneno mengine, chifu anapowaambia mlete ushahidi wa watoto walioumia kabla hajafanya lolote, anawadai kitu ambacho hata mahakama haiwadai. Ushahidi kusanyeni, kwa sababu unasaidia, lakini msikubali uwe sharti.

Hata hivyo, sioni kwa nini mkimbilie mahakamani. Yadi ya aina hiyo kwa kawaida huwa na udhaifu wa karatasi kabla ya udhaifu wa kisayansi. Biashara ya vyuma chakavu inahitaji leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015. Uyeyushaji wa betri unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA. Na kibali cha biashara cha kaunti hutaja shughuli mahsusi. Andikeni barua tatu fupi, kila moja ikiuliza swali moja: je, mahali hapa pana leseni, ni ya shughuli gani, na nakala yake inaweza kupatikana vipi? Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na pale habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Kila barua iwe na nakala ya kupigwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi ikikaa kimya, ukimya huo wenyewe unakuwa hoja katika barua inayofuata, inayokwenda ngazi ya juu.

Wakati huohuo mwoneni afisa wa afya ya umma wa kaunti. Watu humsahau kwa kudhani kwamba kazi yake ni kukagua hoteli na machinjio, ilhali Sheria ya Afya ya Umma inampa uwezo wa kumtaka mwenye eneo aondoe kero inayohatarisha afya. Kwa uzoefu wangu, huyo hufika mtaani mapema kuliko mtu yeyote kutoka Nairobi.

Kuhusu maandamano: ni haki yenu chini ya Kifungu cha 37, lakini mpeni mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Na kikundi kiwe kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, tena lengo la kutetea afya na mazingira liongezwe katika katiba yenu. Hilo la katiba linaonekana dogo, lakini ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa na mtu anayetaka kuwanyamazisha: kikundi cha kuku kinahusianaje na betri?

---

Fundi wa Malindi

Nawaheshimu wote waliotangulia, ila mtaniwia radhi niseme ambalo halijasemwa. Nimefanya kazi na vyuma chakavu. Kijana anayepasua betri kwa shoka hakuichagua kazi hiyo kwa kuwa haoni madhara yake. Ameichagua kwa sababu jioni anarudi na unga. Mkiifunga yadi, huyo kijana hana pa kwenda, na mwenye yadi atapakia mapipa yake na kwenda kijiji cha pili ambako hakuna katibu anayejua kuandika barua. Pili, mbona jambo hili limegeuzwa kuwa la akina mama? Moshi unavutwa na wanaume pia, tena wao ndio wanaouvuta kwa karibu zaidi.

---

Jirani wa Mikindani

Fundi, hoja yako ya kwanza ni nzito na sitaipuuza. Hata Owino Uhuru walioajiriwa kiwandani walikuwa ni watu wa mtaani, na kwa muda mrefu hilo liliwafunga watu midomo majumbani. Lakini tazama nani anayeugua kwanza katika hali hiyo: ni yule yule kijana. Kikundi kikimwona kuwa adui kitakuwa kimempa mwenye yadi ngao ya bure. Ningekuwa katika nafasi ya katibu, wanachama wa kwanza kuwaita faraghani wangekuwa wale walionyamaza, wake na mama za wafanyakazi, na dai la kwanza katika barua lingekuwa wafanyakazi wapimwe damu kwa gharama ya mwajiri, kabla hata ya kutaja kufungwa kwa yadi. Mama ambaye mwanawe anapimwa hawezi kusema tena kwamba kikundi kinataka kumnyang'anya mkate.

Na kuhusu akina mama: hakuna aliyewafungia wanaume mlango. Ila anayemwogesha mtoto, anayeteka maji, anayefagia lile vumbi na anayeketi foleni ya zahanati ni nani? Huyo ndiye mwenye habari zinazohitajika, na mwenye habari ndiye aongoze. Nitaongeza tahadhari moja tu, inayotokana na yaliyompata Omido: jina la mtu mmoja lisiwe ndilo jina la harakati. Barua zisainiwe na watatu au wanne, daftari liwe na nakala katika nyumba nyingine, na hakuna anayekwenda kuonana na mwenye yadi peke yake, hata akialikwa kwa chai.

---

Binti wa Tabata (Dar es Salaam)

Naandika kutoka Tanzania, na nimeguswa na maneno ya Fundi kuhusu kijiji cha pili, kwa sababu huku kwetu ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kugeuza eneo lao kuwa dampo la taka, ambazo zilikuwa zikiungua usiku na mchana na kuwajaza watu moshi, inzi na harufu. Wakashinda. Jiji likawa linarudi mahakamani kuomba kuongezewa muda, hadi mwaka 1991 ombi hilo lilipofika mbele ya Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, naye akalikataa, akishangaa kwamba mamlaka ya umma inathubutu kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Jiji lilifanya nini? Lilihamishia taka Kunduchi Mtongani, karibu na makazi mengine. Wakazi wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka huohuo wa 1991 na wakashinda pia, kwa msingi wa haki ya kuishi iliyo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Baada ya hapo dampo likaenda Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Kwa hiyo ningeshauri kwamba barua zenu zisiombe tu yadi iondoke. Ziombe betri kuukuu katika kaunti nzima zikusanywe zikiwa nzima, bila kupasuliwa, na zipelekwe kwa mwenye leseni ya kuzishughulikia. Hapo kijana wa Fundi anaweza kubaki na kazi ya kukusanya, ambayo madhara yake ni madogo mno ikilinganishwa na kupasua na kuyeyusha, na vikundi vya vijiji jirani vitakuwa na sababu ya kuungana nanyi badala ya kusubiri zamu yao. Kwetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi haki ya mazingira safi, salama na yenye afya pamoja na haki ya kwenda mahakamani kuidai, na kuna kamati za mazingira hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Mara nyingi kamati hizo zipo kwa jina tu, na akina mama wanaogombea nafasi ndani yake huzipata bila upinzani mkubwa. Ulizeni kama kaunti yenu ina kamati ya namna hiyo na ni nani anayekalia viti vyake.

---

Katibu wa Chama (Kilifi)

Nawashukuru nyote. Nimeyachapisha majibu haya na kuyasoma kwa sauti katika kikao chetu, kwa kuwa si wote wanaotumia simu za intaneti, na mabishano yalikuwa makali kuliko nilivyotarajia. Shauri la Fundi na la Jirani ndilo lililochukua muda mrefu zaidi. Mama mmoja ambaye mwanawe anafanya kazi yadini, na ambaye alikuwa hajasema neno katika vikao vya karibuni, alisimama akasema kwamba kijana huyo ana maumivu ya viungo na mikono imekuwa dhaifu, na kwamba yeye yuko tayari apimwe wa kwanza iwapo jina lake halitatajwa popote.

Tumekubaliana yafuatayo. Maandamano yameahirishwa. Barua tatu za leseni zimeandikwa na zimesainiwa na wanachama wanne. Moja imepokelewa na kupigwa muhuri, na mbili zinapelekwa wiki hii. Daftari limekabidhiwa kwa mwalimu wa chekechea, ambaye anaona mtaro kutoka dirishani mwake. Maji ya mabati tumeacha kuyanywa, ingawa sasa tunanunua mitungi na si kila nyumba inamudu, na suala hilo bado hatujalipatia jibu. Tumetenga sehemu ya akiba kwa ajili ya vipimo, lakini haitoshi kupima damu ya watoto wote na udongo pia. Baadhi yetu wanaona tuanze na udongo kwa kuwa ni rahisi. Wengine wanasema damu ndiyo iliyowasaidia wenzetu wa Owino Uhuru. Muuguzi, wewe ungeanza na kipi?

---

Muuguzi Mstaafu

Ningeanza na damu ya wachache waliochaguliwa kwa makini: huyo kijana wa yadini, watoto watatu au wanne walio chini ya miaka mitano kutoka nyumba zilizo karibu zaidi na moshi, na mama mjamzito mmoja iwapo ataridhia. Udongo mchukue sasa, mvua za masika hazijauosha, muuhifadhi katika mifuko safi yenye tarehe na mahali palipochukuliwa, na upimwe fedha zikipatikana. Risasi haiozi, kwa hiyo udongo utawasubiri; damu ya mtoto hubadilika kila mwezi. Afisa wa afya ya umma mwombeni awepo sampuli zinapochukuliwa na asaini, kwa sababu akishasaini hawezi kusema baadaye kwamba hajui zilitoka wapi. Na kabla ya sindano ya kwanza, mzazi wa kila mtoto aelezwe nani ataona majibu na atie saini kwamba ameelewa.

Kuhusu maji, ulizeni kama kampuni ya maji ya kaunti inaweza kuwawekea kioski kimoja, mkiambatisha nakala ya ile barua yenye muhuri.